Sista Anajua Nini?

Kama ulifanya KCSE miaka ile ya Kidagaa Kimemwozea, wale wauguzi bado unawakumbuka. Amani na Imani wanafika zahanati na kitoto Uhuru, mgonjwa, na wauguzi wamenogewa na gumzo lao. Mtoto hahudumiwi. Anakufa. Mwalimu wetu aliandika ubaoni "utepetevu kazini", tukanakili na mifano miwili mitatu, tukasonga mbele hadi kwa Mtemi Nasaba Bora. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza mtoto aliugua nini. Wala hakuna aliyeuliza: hao wauguzi wangeacha gumzo, wangefanya nini hasa? Wangemtazama wapi kwanza? Wangetoa chupa gani kabatini, kiasi gani kwa mtoto wa uzito ule, na wangejuaje ikiwa dawa yenyewe haifai kupeanwa?

Hilo swali la mwisho ndilo limenileta hapa.

Simlaumu Ken Walibora. Kidagaa ni kejeli, na kejeli yake ilihitaji muuguzi mbaya kama ilivyohitaji mtawala mbaya. Baadaye wadogo zetu wakapewa Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na humo yuko Selume, muuguzi mwenye roho, ambaye hali ya hospitali ya umma inamchosha mpaka anaondoka. Huyu angalau tunamsikia akiongea. Lakini sikiliza anaongea juu ya nini: uhaba, uchungu, watu kuteseka mbele ya macho yake. Kutoka kitabu kimoja hadi kingine muuguzi amepandishwa cheo, ametoka kuwa mdomo akawa moyo. Kichwa bado.

Madaktari wao walipata waandishi wao mapema. Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji, aliandika safu yake gazetini kwa miaka mingi, na wasomaji wakajua jinsi mtu mwenye kisu anavyosita kabla ya kukata. Margaret Ogola, aliyeandika The River and the Source, alikuwa daktari wa watoto, na familia aliyoibuni inafika hadi kwa madaktari. Ukisoma hao unaamini kwamba daktari anafikiri. Anapima, anashuku, anabadilisha nia. Kufikiri kwake ndiko hadithi.

Na Grace Ogot? Huyo ndiye anayenisumbua zaidi, kwa sababu alikuwa nesi. Alisomea kazi hiyo Uganda, akaisomea tena Uingereza, kabla ya kuwa mwandishi na mbunge. Katika Land Without Thunder, mkusanyiko wa 1968, kuna hadithi inayoitwa The Old White Witch. Wauguzi Waafrika wa hospitali ya misheni wanagoma kwa sababu Matroni Mzungu anataka wabebe vyombo vya choo vya wagonjwa, na mila zao hazikubali. Ni hadithi nzuri, kali, na Ogot haegemei upande wowote kwa urahisi. Lakini ona ugomvi wenyewe unahusu nini. Unahusu mikono ya muuguzi, kwamba itashika nini na haitashika nini. Mwandishi aliyejua kuhesabu mapigo na kuvuta dawa kwenye sindano alipoamua kuandika juu ya wadi, aliandika juu ya bakuli la choo. Labda alijua wasomaji wake wangeelewa heshima upesi kuliko wangeelewa dozi. Labda yeye mwenyewe aliona dozi ni kitu cha kawaida mno, hakina hadithi.

Naandikia haya Nyeri, na hapa swali lina uzito wake. Mji huu na jirani zake una hospitali nyingi kuliko unavyodhani ukipita tu kwa matatu kuelekea Nanyuki. Kuna ile ya rufaa ya kaunti, ambayo watu wazima bado wanaiita PGH. Kuna Mathari ya Wakonsolata, kuna Outspan. Ukishuka upande wa Karatina unaikuta Tumutumu, iliyoanzishwa na wamisionari Waskoti. Endelea, kuna Kerugoya na Embu, na upande wa pili wa mlima kuna Chogoria, kazi ya Dkt. Archibald Irvine tangu 1922. Mathari, Tumutumu na Chogoria zote zina vyuo vya uuguzi. Panda gari la Karatina jioni, ukikosa nesi ndani ni kwa sababu amelala kiti cha nyuma.

Na muuguzi maarufu kuliko wote katika miinuko hii ni mtakatifu mtarajiwa. Irene Stefani, mtawa wa Konsolata kutoka Anfo kule Italia, alifika Kenya 1915, akauguza wapagazi wa Vita vya Kwanza katika hospitali za jeshi, Voi hadi Kilwa, kisha akaishi Gikondi, Mukurweini, ambako watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni na kuambukizwa. Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri hapa Nyeri, na umati ule sijauona tena mji huu. Simulizi zake zinapendeza. Kuna kutembea kwake kwa miguu mlima na bonde, kuna barua alizowaandikia watu wasiojua kuandika, kuna ubatizo wa waliokuwa wakifa, na hao wamehesabiwa, maelfu. Kile ambacho simulizi hazihesabu ni vidonda. Mwanamke huyu alipita kati ya mamia ya wapagazi wenye kuhara damu, vidonda na homa, akiwa na dawa chache mno, na lazima kila asubuhi aliamua aanze na nani, amwekee nani kidogo kilichobaki, nani hawezi kusaidiwa na chupa yoyote. Huruma pekee haikuambii hayo. Ila ukiandika maisha ya mtakatifu, huruma ndiyo inayotakiwa, na akili inaachwa nje ya mlango wa kanisa pamoja na viatu vyake vilivyochakaa.

Nadhani lugha yenyewe imetusaidia kukosea. Kuugua, kuuguza, muuguzi. Kuuguza ni kukaa na anayeugua, na hilo mtu yeyote anaweza: namuuguza mamangu, nauguza kidonda, timu yangu inauguza kichapo cha Jumamosi. Mganga ana uganga wake, tabibu ana tiba, daktari ana digrii ukutani. Muuguzi ana subira. Halafu mtaani hata hatumwiti hivyo, tunamwita sista, neno lililotoka kwa watawa na kwa wadi za Waingereza. Jaribu kukaa benchi ya hospitali yoyote asubuhi moja uone jinsi linavyofanya kazi. Nesi mwanamume akipita na stethoskopu, cucu anasimama: "Daktari, nisaidie." Daktari mwanamke akipita, cucu huyohuyo: "Sista, foleni inasonga lini?" Hakuna anayekasirika. Kila mtu amezoea kwamba kujua ni kwa mwanamume na kungoja na wewe ni kwa mwanamke.

Basi tuingie kichwani mwa sista, kwa dakika ishirini tu.

Chukua kifafa cha mimba. Mama presha imepanda, degedege imemtupa mara moja, na amejifungua jioni hii. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, chumvi ileile ambayo watu hununua kwa jina la Epsom waoshee miguu. Mwaka 2002 utafiti mkubwa ulioitwa Magpie, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba chumvi hii inapunguza hatari ya degedege hiyo kwa nusu hivi. Ni rahisi, ni nzuri, na inaweza kuua. Katika njia moja inayofundishwa sana, mama anaanza na gramu 4 mshipani, polepole. Lakini chupa iliyopo ni ya asilimia 50, na mshipa unataka asilimia 20, kwa hiyo nesi anavuta mililita 8 za dawa na 12 za maji safi ya sindano, kwa hesabu ya kichwa, mtu akipiga mayowe kitanda cha pili. Kisha gramu 5 kwa kila tako. Baada ya hapo gramu 5 kila saa nne, tako hili na lile kwa zamu, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege ya mwisho, lolote litakalochelewa.

Sasa ni saa nane usiku. Karatasi ya dawa inasema gramu 5. Imeandikwa na daktari, ina sahihi. Ukipeana, umetii, hakuna atakayekuuliza kitu. Ila kabla ya sindano kuna mambo matatu. Goti: ukiligonga, mguu uruke. Pumzi: zisipungue 16 kwa dakika. Mkojo: usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 tangu dozi iliyopita. Sababu yake ni nzuri kuijua hata kama hutawahi kuvaa sare. Magnesiamu hutolewa na figo. Figo zikilala, dozi ya saa nane inaikuta ile ya saa nne bado imo ndani, na zikirundikana goti ndilo la kwanza kunyamaza. Kinachofuata ni pumzi. Kwa hiyo yule nesi anayemgonga mama gotini usiku wa manane, tena kwa ukingo wa kiganja kwa vile nyundo ya kazi hiyo haionekani, hachezi. Anasikiliza kama chumvi imefika wapi.

Tuseme goti linaruka, kidogo. Pumzi ni 17. Mfuko wa mkojo una mililita 70.

Ufanye nini? Kitabu kinasema chini ya 120 usipeane. Lakini ukizuia bila sababu, degedege inaweza kurudi, na ikirudi huenda mama asiamke. Daktari wa zamu yuko thieta. Nilimpelekea swali hili tata yangu, aliyestaafu baada ya miaka mingi wadi ya wazazi katika mji mmoja wa huku. Nilidhani ataniambia habari ya kumpigia daktari simu.

"Kwanza unainua shuka," akasema.

"Shuka ya nini, tata?"

"Uone paipu. Mama amelalia paipu. Paja liko juu yake, mkojo utapita wapi?"

Ukiinyoosha ile paipu, mfuko unajaa. Sasa una 130, na dozi inaingia. Ama unainyoosha na hakuna kinachoshuka, na hapo 70 ni 70 kweli: unaiweka sindano kando, unatafuta kalsiamu glukoneti, gramu 1, iwe karibu na mkono kwa sababu ndiyo inayoivunja nguvu magnesiamu, ndipo unapiga simu. Tata alilisema hilo huku akichambua mboga, bila kuinua macho. Nimesoma riwaya za upelelezi ambazo mpelelezi wake hakufikiri hivyo vizuri, na akapewa sura nzima ya kujisifu.

Nikisema nataka fasihi inayojua haya, kuna watu wataniambia hesabu za dozi si fasihi. Sawa. Ila kuna kitabu kimoja ningependa wakisome kabla hatujabishana. Kinaitwa Basic Paediatric Protocols, kinatolewa na Wizara ya Afya, na kimetoka katika matoleo kadhaa kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Ni kidogo, kinaingia mfuko wa koti. Hakina kivumishi hata kimoja cha kupoteza. Kila ukurasa umeandikwa kwa msomaji aliyechoka, aliyesimama, ambaye ana mtoto mbele yake, na sijui mwandishi gani wa riwaya Kenya hii anayemjua msomaji wake vizuri hivyo. Majedwali yake ni ya kutisha ukiyasoma polepole. Tafuta jentamisini, dawa ya maambukizi ya watoto wachanga. Mtoto wa chini ya wiki moja mwenye kilo 2 au zaidi: miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Akiwa chini ya kilo 2: miligramu 3. Akimaliza wiki: 7.5. Maana yake mtoto wa kilo 2.6 ambaye leo anapata miligramu 13, siku chache zijazo, bila kubadilika sura wala uzito, atahitaji 19.5. Mtu lazima akumbuke kwamba amekua. Na dawa hiyo ikizidi inaweza kuharibu figo na masikio, na kiziwi wa siku nne hawezi kukwambia amekuwa kiziwi.

Kisha kuna chupa. Jentamisini huja katika chupa ndogo ya mililita 2 yenye miligramu 80. Huja pia katika chupa ndogo ya mililita 2 yenye miligramu 20. Ukivuta mililita 1.3 kutoka ile ya 20, umempa mtoto miligramu 13 zake. Ukivuta 1.3 ileile kutoka ile ya 80, umempa 52. Leo stoo imeleta hizi, mwezi ujao italeta zile, na lebo imeandikwa kwa herufi za mchwa. Wenye kufundisha kazi hii wana mambo mengine ya uandishi ambayo mhariri wa jarida hili angeyapenda. Usiandike 5.0, maana nukta ikififia inakuwa 50. Usiandike .5 bila sifuri mbele. Usiandike U ukimaanisha yuniti za insulini, maana 10U iliyoandikwa kwa haraka inasomeka 100. Sisi tunagombana mtandaoni kuhusu mkato. Huku nukta moja ni mara kumi ya dawa.

Na lugha! Hapa ndipo ninaposhangaa kwamba waandishi wa huku hatujaingia mapema. Fikiria lugha anazopita nesi wa Nyeri kwa zamu moja. Amri ya daktari imeandikwa kwa vifupisho vya Kilatini, TDS, BD, PRN, stat. Ripoti yake mwenyewe, kadeksi, anaiandika kwa Kiingereza. Na mwenzake wanachekeshana kwa Kiswahili. Mgonjwa ni guka wa Kieni ambaye mambo ya tumbo lake anayasema kwa Gĩkũyũ tu, tena kwa mafumbo, kwa sababu nesi ni rika la mjukuu wake. Halafu saa. Karatasi inasema dawa ni ya 8. Kwa Kiingereza cha karatasi hiyo ni saa mbili. Ukimwambia mgonjwa "ya saa nane" kwa sababu umesoma 8, umesogeza dawa kwa saa sita. Nesi anavaa saa ya Kizungu mkononi na ya Kiswahili mdomoni, na anatafsiri kati yake siku nzima bila malipo ya mtafsiri.

Tazama bahasha ndogo ya kaki ya dawa. 1×3. Kila Mkenya ameishika. Kama andishi, ni baya sana. Haisemi saa, haisemi chakula, haisemi siku ngapi, na kwa msomaji aliyeishia darasa la pili ni hesabu ya kuzidisha ambayo jibu lake ni tatu, basi anakunywa tatu asubuhi amalize kazi. Sasa msikilize nesi akiitoa tafsiri yake dirishani: "Cucu, moja ukiamka kabla hujaenda kukamua. Nyingine saa nane, watoto wa chekechea wakirudi. Ya mwisho saa nne usiku, taarifa ikiisha, kabla ujifunike." Saa kumi na mbili, saa nane, saa nne. Ni saa nane kamili katikati ya kila moja. Amechukua maandishi ya mtu mwingine, mabovu, akayageuza kuwa siku ya mwanamke mwenye ng'ombe. Ningempa zawadi ya tafsiri kabla sijawapa wengine ninaowajua.

Ukiacha miji, huko Othaya ndani ndani au Kieni, hata huyo daktari wa kuandika TDS hayupo. Zahanati ya kijiji nchini Kenya kwa kawaida ni nesi. Anasikiliza, anapima, anaamua ugonjwa, anaandika, anapeana, na anaamua ni nani apelekwe mjini usiku huu na nani angoje kukuche. Anaangalia pia friji, kwa sababu oksitosini, ile ya kuzuia mama asimalize damu, inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8. (Ndiyo, nimewasikia wale wa kusema Nyeri ya Julai yenyewe ni friji. Haitoshi, bana.) Stima ikipotea siku mbili, kila chupa humo imekuwa swali. Haibadiliki rangi, hainuki. Anayejua kwamba huenda imepoteza nguvu ni mtu mmoja tu kijijini, na ndiye atakayeidunga.

Sasa ona tunavyowaongelea hadharani. Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulidumu takriban miezi mitano. Magazeti yaliandika mishahara, yakaandika wadi zilizobaki tupu, yakapiga picha za vitanda. Huo ulikuwa wakati mzuri wa mtu kuandika ni nini hasa kilichoondoka wadini wauguzi walipoondoka. Tuliandika mikono imeondoka. Februari 2018, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wagonjwa wawili walichanganywa na kichwa cha asiyehitaji upasuaji kikafunguliwa. Miongoni mwa waliosimamishwa kazi walikuwamo wauguzi. Kwa siku chache nchi nzima ilijua kwamba kibandiko cha jina mkononi mwa mgonjwa ni jambo la kufa na kupona, na kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kukisoma kila mara kana kwamba hajawahi kumwona mgonjwa huyo. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi: wanafunzi wa uuguzi wanaikariri hiyo tangu muhula wa kwanza. Tulichojifunza sisi wengine ni kwamba akili ya muuguzi inaonekana siku inaposhindwa. Usiku elfu moja ambazo kibandiko kimesomwa vizuri hazina kichwa cha habari.

Lakini kilichoniuma kuliko yote ni kile kicheko cha 2021. Julai mwaka huo Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa wauguzi kwenda kufanya kazi kule. Novemba, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, ambaye kabla ya hapo alikuwa seneta wa Nyeri yetu hii, akasema kwamba kati ya wauguzi 300 waliotaka kwenda ni 10 tu waliopita mtihani wa Kiingereza. Mtandao ukalipuka. Meme, video, lafudhi za kuigiza. Ati nesi wa Kenya hajui Kiingereza! Watu wa vitabu kama sisi tulicheka kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu Kiingereza ndicho tunachojua.

Sina ugomvi na mtihani. Ukienda kuuguza watu Leeds, ujue watu wa Leeds wanasema nini. Ugomvi wangu ni kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nchi kujadili wauguzi wanajua nini, na swali likawa insha. Hakuna aliyetaka kujua kama hao 290 wanaweza kugeuza asilimia 50 kuwa 20 gizani. Kama wanajua dijoksini haipeanwi kabla ya kuhesabu mapigo, na kwamba ukipata 52 unaiweka chini na kuandika kwa nini. Kama wanaweza kumwambia mtu "saa nane" na wakamaanisha saa nane. Walirudi zamu zao, kwenye wadi ambazo Kiingereza, Kilatini, Kiswahili na Gĩkũyũ vinapishana mlangoni, na sisi tukarudi kwenye meme.

Tatizo jingine ni kwamba wao wenyewe hawaachi ushahidi. Nilimuuliza tata, ile habari ya paipu, ya kuinua shuka, ya 70 kuwa 130, ukiimaliza unaiandika wapi?

"Kwa karatasi ya dawa. Kuna kisanduku cha 0200."

"Unaandika nini?"

"Naweka sahihi."

"Basi?"

"Na kadeksi naandika imepeanwa, goti liko, pumzi 17, mkojo 130." Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mtoto aliyesomeshwa kwa bei ghali. "Kwani nilikuwa nataka kuandika kitabu?"

Nimewahi kuona karatasi hizo, za mgonjwa wa kwetu, tulipopewa faili tulipeleke mapokezi wenyewe. Safu kwa safu ya visanduku vidogo, herufi mbili mbili ndani yake, nyingine kwa wino wa bluu, nyingine mweusi. Hapa na pale herufi zimezungushiwa duara. Wakati huo sikujua duara ni nini. Ni dozi ambayo mtu alisimama nayo mkononi, akafikiri, na hakuipeana.